Tembo wa Mikumi hasubiri memori kadi yako



Wapiga video wawili wakikutana hapa Bongo, swali la kwanza huwa ni "unatumia kamera gani?" La pili ni lenzi. La tatu, siku hizi, ni droni. Sijawahi kumsikia mtu akiulizwa anatumia memori kadi gani. Kadi hununuliwa mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki, kwa muuzaji wa kwanza mwenye meza, na kigezo ni kimoja tu: GB ngapi kwa shilingi ngapi.

Mimi nasema tumeanza kwa mkia. Kwa mwandishi wa habari, kadi si kikorokoro cha kamera. Kadi ndiyo daftari lenyewe. Lenzi ikiwa ya kawaida utapata picha ya kawaida, na picha ya kawaida bado ni picha. Kadi ikikuangusha hupati kitu, na mbaya zaidi unakuja kujua ukiwa umesharudi mjini.

Nitumie Mikumi kama mfano, kwa sababu ni mahali wengi wetu tunapapita na wengi tunaanzia hapo kupiga wanyama. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa na Zambia inaikata katikati kwa kilomita kama 50. Malori ya Zambia na Kongo yanapita humo usiku na mchana, na tembo, nyati, swala na twiga wanavuka humohumo. Ukigonga mnyama kuna faini, na matuta yapo, lakini wanyama bado wanagongwa. Hiyo ni habari kubwa, na ni habari ya video: kundi la tembo linasogea ukingoni mwa lami, lori linateremka, mama anasita, mtoto anatangulia. Inachukua nusu dakika. Huwezi kumwambia tembo arudi nyuma avuke tena kwa sababu kamera yako imeandika "kadi inakwenda polepole" na kusimama yenyewe.

Ukiingia ndani ya hifadhi, uwanda wa Mkata au bwawa la viboko, kuna gharama nyingine. Kiingilio kinalipwa kwa siku, gari linalipwa, na kurekodi kwa kazi ya biashara kunahitaji kibali cha TANAPA na ada yake. Kadi ikikuharibia siku, si elfu kadhaa za kadi ulizopoteza. Ni siku nzima na kila ulichokilipia.

Na Mikumi si wanyama tu. Mji huo uko wilaya ya Kilosa, na Kilosa ni moja ya wilaya zenye habari nzito kuliko kurasa tunazoipa. Desemba 2000, watu zaidi ya 30 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa Desemba 2009 hadi Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wakakosa makazi na kuhamia kwenye mahema, na reli ya kati ikabebwa na maji kati ya Kilosa na Dodoma. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria hadi Dodoma, ikipita Kilosa hiyohiyo kwenye mahandaki ya milimani. Mtu anayetaka leo kujua mafuriko yale yalifika wapi, ili ajue pa kujenga na pa kutojenga, anahitaji picha za siku ile. Jiulize: ni ngapi kati ya zilizopigwa bado zipo mahali?

Swali hilo linanirudisha kwenye kanda. Wale mliokuwepo enzi za MiniDV mnakumbuka: kanda moja dakika 60, ambazo kwa hesabu ya leo ni kama GB 13. Ukimaliza unaandika tarehe kwenye kibandiko, unaitupa kabatini. Ni kweli, kanda nazo zilirekodiwa juu yake kwa kubana matumizi. Lakini kwa kawaida kanda iliyotumika ilibaki kuwa kitu, ina jina, ina mahali. Kadi ikaja na tabia mpya: ukishahamisha unafuta, kesho unaanza upya. Kadi za aina ya SD zilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za SanDisk, Matsushita na Toshiba, na tangu hapo zimekua kutoka megabaiti chache hadi terabaiti. Kilichokua kidogo ni uangalifu wetu.

Haya, twende dukani sasa. Ukishika kadi ya SD utaona imejaa alama kama leseni ya daladala. Usiogope. Kwa video unatafuta moja tu: kasi ya chini ambayo kadi inaahidi kuandika bila kushuka.

Alama hiyo imekuwa na sura tatu. Ya zamani ni namba ndani ya herufi C: C10 maana yake kadi haishuki chini ya megabaiti 10 kwa sekunde. Ikafuata namba ndani ya herufi U: U1 ni megabaiti 10, U3 ni megabaiti 30. Kisha mwaka 2016 ikaja herufi V ya video: V6, V10, V30, V60 na V90. Hapo namba inasema yenyewe. V30 ni megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60. Alama za A1 na A2 ni za kuendesha programu ndani ya simu. Zisikubabaishe kama unanunua kadi ya kamera.

Ile namba kubwa inayong'aa mbele, 100, 170, 200, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani kadi inavyotoa video kwenda kwenye kompyuta, tena kwa kisoma kadi kinachoiweza. Kamera yako haisomi, inaandika. Muuzaji akikuonyesha namba hiyo, mwambie asante, kisha tafuta V.

Sasa unahitaji V ngapi? Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa sababu kamera huhesabu kwa biti na kadi huhesabu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kamera nyingi za kawaida zikirekodi 4K zinatumia megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa nane, unapata megabaiti 12.5 kwa sekunde. Kwa hiyo V30 halisi inatosha na chenji inabaki. Hata megabiti 200 ni megabaiti 25 tu. V60 na V90 ni za wale wenye kamera zinazorekodi megabiti 400 na kuendelea. Kama kamera yako haifiki huko, muuzaji anayekusukumia V90 anakuuzia tairi la lori ulifunge kwenye bodaboda.

Kuna na kadi zenye safu mbili za pini nyuma, zile za UHS-II. Ukiiweka kwenye kamera ya safu moja itafanya kazi, lakini kwa kasi ya safu moja. Umelipia mlango ambao nyumba yako haina. Fungua kitabu cha kamera, ukurasa wa kadi, usome kamera yenyewe inataka nini. Ni ukurasa mmoja, na ni bure.

Tumalize kasi, tuje kwenye ukubwa. Kwa megabaiti 12.5 kwa sekunde, saa moja ya 4K ni GB 45. Kadi ya GB 64 inakupa kama saa moja na dakika 25. Ya GB 128 ni mara mbili yake. Ukirekodi HD ya megabiti 28, saa moja ni kama GB 12.6, na hata kadi ya GB 32 inakupa saa mbili na nusu. Siku nzima Mikumi, kuanzia lango linapofunguliwa saa 12 asubuhi, mtu mwenye nidhamu hurekodi saa mbili, labda tatu. Hiyo ni GB 90 hadi 135.

Je, ununue kadi moja ya GB 256 au nne za GB 64? Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Kadi moja kubwa haibadilishwi kila mara, na kubadilisha kadi kwenye vumbi la kiangazi ndani ya gari lililo wazi ni kukaribisha matatizo. Kadi ndogo nazo zinapotea. Nimeona kadi ya microSD ikitafutwa chini ya kiti cha Noah kwa nusu saa. Vilevile bei kwa kila GB huwa nafuu kwenye kadi kubwa.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa kadi ndogo kadhaa. Kadi moja ikifa saa 10 jioni, imekufa na siku nzima. Kati ya kadi nne ikifa moja, umepoteza mchana, asubuhi unayo. Hilo la vumbi lina dawa: panga kubadilisha kadi gari limesimama na vioo vimepandishwa, si mpaka ijae katikati ya tukio. Hilo la kupotea nalo lina dawa: kiboksi kigumu cha kadi, zilizotumika zimelala kifudifudi, ambazo hazijatumika zinatazama juu. Na kama kamera yako ina nafasi mbili za kadi, iwekee mpangilio wa kuandika zote mbili kwa wakati mmoja. Wengi wanaiacha iandike ya pili baada ya ya kwanza kujaa, kwa sababu inaonekana kama kuongeza nafasi. Kwa harusi ya binamu, sawa. Kwa kazi ambayo haitarudiwa, hapana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe: kadi feki.

Kadi feki si kadi yenye ubora mdogo tu. Ni kadi inayodanganya. Ndani ya kila kadi, hata iwe ndogo kama ukucha, kuna chipu ndogo inayoiambia kamera "mimi nina ukubwa huu". Matapeli wanachukua kadi yenye GB 16 za kweli, wanaifundisha hiyo chipu iseme 512, wanachapa nembo ya kampuni kubwa, wanaifunga vizuri. Kamera inaamini. Inarekodi bila kulalamika. Ukishavuka zile GB 16, kadi ama inaandika juu ya video zako za asubuhi ama inatupa kila kinachoingia. Ukifika nyumbani unaona majina ya faili yote yamejipanga, tarehe sawa, ukubwa sawa, ukibofya mengi hayafunguki. Mtu anasema "kamera imeharibika". Kamera ni nzima.

Huu si mchezo wa Kariakoo peke yake. Mwaka 2010 mhandisi wa Kimarekani, Andrew Huang, alizipasua kadi za microSD zilizomtia shaka, akaeleza hadharani jinsi biashara hiyo inavyofanya kazi katika masoko ya China. Huku kwetu Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Lakini FCC haitakuwa nawe Msamvu wakati unanunua kadi dirishani basi likiwa linaondoka. Jilinde mwenyewe.

Kwanza, bei. GB 512 kwa bei ya chipsi kuku haipo duniani. Ukiambiwa "imekuja na kontena", jua hata kontena lina gharama. Pili, nunua kwa mtu mwenye duka, risiti na mahali pa kumrudia. Tatu, na hili ndilo la muhimu kuliko yote, ipime kadi kabla ya safari. Kuna programu za bure: H2testw kwa wenye Windows, F3 kwa wenye Linux na Mac. Zinaijaza kadi tupu mpaka mwisho kisha zinasoma kila kilichoandikwa kuona kama kimerudi kilivyo. Kwa kadi ya GB 64 ni kama saa moja. Weka iendelee, kaoge, kunywa chai. Ikifaulu, ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, uiandike namba kwa kalamu isiyofutika.

Ila msije mkampiga muuzaji bure. Kadi ya GB 64 ikionekana kwenye Windows kama 59 na pointi, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ni kadi ileile.

Tabia ndogo nyingine za kazini: usichomoe kadi wakati taa ya kamera inawaka. Usisubiri betri ife yenyewe ukiwa unarekodi, kwa sababu kamera nyingi huandika orodha ya faili mwishoni, na faili lisilofungwa ni gunia lisilo na mdomo wa kufungulia. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, acha kurekodi papo hapo, toa kadi, weka nyingine. Programu kama PhotoRec, nayo ya bure, ina nafasi nzuri ya kurudisha kilichofutwa kama hujaandika kitu juu yake.

Wengine mtasema: siku hizi tunapigia simu, na simu nyingi mpya hazina hata pa kuweka kadi. Kweli. Lakini hiyo imewaongezea mzigo, haijawapunguzia. Ukiwa na kadi unaweza kuitoa na kuiweka mfukoni, kamera ikabaki. Simu ikianguka mtoni, ikiibiwa au ikichukuliwa, imeondoka na kila kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka tufike. Kwa nini nahangaika hivi na kipande cha plastiki?

Ukitoka Mikumi ukaendelea na barabara ileile, ukapita Ruaha Mbuyuni, ukapanda Kitonga, unakuwa ndani ya mkoa wa Iringa. Huko, kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi mwenzetu Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini. Picha zilizopigwa pale zilichapishwa magazetini, na nchi nzima ikaona askari wamemzunguka. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Kila mtu ana maoni yake kuhusu hukumu ile. Ninachosema mimi ni kwamba bila picha zile, tungebaki na taarifa ya maneno tu.

Sheria nayo inauliza kuhusu kadi, hata kama haiitaji kwa jina. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie ulitengenezwa na kuhifadhiwa vipi, na kama kuna njia ya kuaminika iliyolinda ukamilifu wake. Kwa Kiswahili cha mtaani: lile faili la kwanza liko wapi, na nani kaligusa? Ukijibu "nilituma WhatsApp nikafuta", umejimaliza. WhatsApp inabana video na kuipunguza ubora. Faili la kwanza lilikuwa kwenye kadi, na kadi umeifomati ili urekodi sendofu ya Jumamosi.

Kwa hiyo ombi langu la mwisho si kwa wapiga video, ni kwa wahariri na wenye vyombo. Mnamtuma kijana Kilosa kwa malipo ya habari moja moja, mnataka 4K, mnataka haraka, na kadi anunue yeye. Atanunua anayoiweza, na anayoiweza ni ile ya mezani. Kisha mnashangaa chombo hakina maktaba ya picha za mafuriko, za migogoro ya ardhi, za wanyama barabarani. Kadi nne halisi za V30 ni gharama ndogo kuliko mafuta ya gari la kwenda na kurudi. Zinunueni nyie, zipimeni nyie, zihesabuni zikitoka na zikirudi kama mnavyohesabu kamera. Na kadi yenye tukio zito isifutwe mpaka nakala mbili ziwe kwenye diski mbili zilizokaa sehemu mbili tofauti. Msiifanye kadi yenyewe kuwa kabati. Ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza ilichobeba.

Na wewe kijana mwenzangu unayejilipia kila kitu: kama una pesa ya kitu kimoja mwezi huu, acha lenzi isubiri. Nunua kadi mbili za GB 64, V30, dukani kwa risiti. Zipime usiku huu. Halafu panda basi la asubuhi.

Nawakilisha.